Nyumba za Zamani za Malkia Victoria, na Jinsi Mtu Mwenye Kazi Nyingi Awezavyo Kuzitengeneza

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya tunakusudia kueleza habari za nyumba za kale za Uingereza, zile zilizojengwa katika enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 hata alipofariki mwaka 1901. Na jinsi mtu mwenye kazi nyingi, asiye na nafasi ila jioni na siku za mapumziko, awezavyo kuitengeneza nyumba ya namna hiyo pasipo kuiharibu. Pengine mtu atauliza, Sisi watu wa pwani tuna haja gani na nyumba za matofali za London? Jawabu letu ni kwamba jamaa zetu wengi wanakaa katika nyumba hizo hivi sasa. Tena, kama itakavyoonekana huko mbele, ugonjwa unaozishika nyumba hizo ni ule ule unaozishika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, na dawa yake ni moja.

Sisi tunaosema ni mtu na mkewe. Mmoja wetu hufanya kazi ya zamu katika hospitali, mwenziwe hufanya kazi ya hesabu ofisini, na tuna watoto wawili. Nyumba yetu iko mashariki ya London, nasi tuliinunua kwa mkopo wa miaka 25. Ilijengwa baada ya mwaka 1880, katika safu moja na nyumba nyingine thelathini zinazofanana nayo kama mapacha, na kila moja imeshikana na jirani yake kwa ukuta mmoja.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini nyumba hizo ni nyingi hivyo. Zamani serikali ya Uingereza ilitoza kodi juu ya vioo, juu ya matofali, hata juu ya madirisha. Kodi ya vioo iliondolewa mwaka 1845, ya matofali mwaka 1850, na ya madirisha mwaka 1851. Wakati huo huo reli zilikuwa zikienea, na watu kwa maelfu walikuwa wakihamia mijini kutafuta kazi. Basi wajenzi walikodi viwanja kwa miaka mingi, mara nyingi miaka 99, wakajenga nyumba chache chache, wakazipangisha, kisha wakaendelea na nyingine. Matofali ya London, yale yenye rangi ya manjano iliyoingia weusi, yalifinyangwa kwa udongo wa papo hapo uliochanganywa na chaki na majivu. Vigae vya paa vilikuwa vipande vyembamba vya jiwe vilivyopasuliwa katika milima ya Wales na kuletwa kwa gari la moshi au kwa meli. Mbao zilitoka nchi za bahari ya Baltiki, katika misitu ya baridi ambako mti hukua polepole sana, na kwa sababu hiyo mbao zake ni ngumu na zenye kudumu. Hata leo, karibu nyumba moja katika kila nyumba tano za England ni ya kabla ya mwaka 1919.

Na yafaa tujue pia ya kuwa wajenzi wale hawakuwa wote watu waaminifu. Walijenga upesi ili wapate kodi upesi. Katika nyumba yetu sisi tumekuta boriti zilizokatwa fupi zikaongezewa vipande vya tofali, na nyuma ya ukuta wa jikoni tumekuta takataka za ujenzi zimefukiwa kama hazina. Basi mtu asiitazame nyumba ya kale kama kitu kitakatifu. Hata hivyo, mambo manne walikuwa wakiyajua vizuri kuliko mafundi wengi wa leo: chokaa, mbao, njia ya hewa, na njia ya maji.

Sasa tuueleze ugonjwa wenyewe. Katika majira ya baridi ya mwaka wetu wa kwanza, ukuta wa chumba cha nyuma, alimolala mtoto wetu mdogo, ulianza kutoa weusi wa kuvu chini kabisa, ukapanda hata ukafika kimo cha mita moja. Karatasi za ukutani zilibanduka. Nguo zilizokuwa kabatini zilinuka. Mtoto akashikwa na kikohozi kisichokwisha, na daktari akatuambia wazi ya kuwa chumba chenye kuvu hakimfai mtoto mwenye kifua. Tukamhamishia chumbani kwetu, tukatafuta fundi.

Fundi huyo alikuja na chombo kidogo chenye sindano mbili, akakichomeka ukutani, taa nyekundu ikawaka, akasema unyevu unapanda kutoka ardhini. Akatoboa ukuta matundu mengi kwa safu, akatia dawa, akabandua lipu yote ya zamani, akapiga lipu mpya ya saruji. Tulilipa fedha tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya safari ya kwenda nyumbani kuwatazama wazee. Kwa muda wa mwaka mmoja ukuta ulikuwa mkavu, nasi tukajiona werevu. Mwaka wa pili unyevu ukatokea tena, juu ya pale ilipokoma saruji yake, na sasa ulikuwa umefika karibu na dirisha. Tulipompigia simu hatukumpata tena. Usiku ule tulizungumza habari ya kuiuza nyumba kwa hasara, na yamkini tungaliiuza.

Ikatokea kwamba mwezi wa tano baba yake mwanamke alikuja kututembelea. Mzee huyo alikuwa mwashi Unguja tangu ujana wake hata alipoacha kazi kwa ajili ya macho. Asubuhi ya pili alikwenda uani, akasimama mbele ya ukuta wa nyuma kwa muda mrefu. Nje nako ulikuwa umepigwa lipu ya saruji na wenye nyumba waliotutangulia. Akatafuta mahali palipobanduka, akatoa ufunguo mfukoni, akakwaruza katikati ya tofali na tofali. Ukadondoka unga mweupe mkononi mwake.

Akatuita. "Wanangu, hii ni chokaa. Nani aliyeuvika ukuta wa chokaa koti la saruji?"

Mkwewe akajibu, "Baba, huku mafundi wote hutumia saruji. Wanasema ndiyo yenye nguvu."

"Ina nguvu, ndiyo. Na mtu akivaa koti la mpira juani, kilichomlowesha ni mvua, au ni jasho lake?"

Maneno hayo ndiyo elimu yote ya jambo hili, nasi tutayaeleza kidogo. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe: huku Uingereza ni chaki au mawe mengine ya chokaa, na kwetu pwani ni mawe ya matumbawe yanayopangwa juu ya rundo la magogo. Jiwe likipata moto wa kadiri ya digrii 900, hutoa hewa iliyokuwa ndani yake. Likitiwa maji huchemka kwa nguvu, likavunjika na kuwa laini kama siagi. Ndipo huchanganywa na mchanga na kutumiwa; na likisha kuwa ukutani hurudisha polepole ile hewa lililoitoa motoni, likawa jiwe tena. Lakini jiwe hilo lina vitundu vidogo sana visivyoonekana, na mvuke wa maji hupita humo. Ukuta wa chokaa hunywa maji wakati wa mvua, ukayatoa wakati wa jua na upepo. Haukukusudiwa kamwe kuwa mkavu kabisa, ulikusudiwa kupumua.

Saruji tunayoijua leo ilianza kwa hati aliyopewa Joseph Aspdin mwaka 1824, na kwa nyumba zilizojengwa kwa ajili yake ni kitu kizuri. Lakini ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa, hufunga njia ya mvuke. Tena ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Nyumba ya kale hutikisika kidogo kidogo kila mwaka, kwa kuwa udongo wa London huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Chokaa hufuata mwendo huo, saruji hupasuka. Maji ya mvua huingia katika ufa mwembamba kama unywele, yakashindwa kutoka. Wakati wa baridi kali maji hayo huganda, na maji yakiganda huvimba, yakabandua uso wa tofali vipande vipande. Huko Unguja hakuna barafu, lakini chumvi ya bahari hufanya kazi ile ile: hukusanyika nyuma ya saruji, ikalisaga jiwe hata likawa mchanga. Mtu akipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ataona kuta nyingi zilizoliwa namna hiyo chini ya lipu ya saruji.

Basi tulifanya nini? La kwanza, hatukugusa ukuta. Mzee alitukataza. Alisema mtu asiukaushe ukuta kabla hajajua maji yanatoka wapi, akatuzungusha nyumba nzima toka juu hata chini. Siku ya mvua alitupeleka nje na mwavuli, tukaona kwa macho yetu ya kuwa mfereji wa paa ulikuwa umeziba kwa majani, na maji yalikuwa yakimwagika juu ya ukuta ule ule kwa siku zote tulizokaa humo. Kisha akatuonyesha ya kuwa uani palipigwa sakafu ya saruji juu ya ile ya zamani, hata kimo chake kikapita kimo cha sakafu ya ndani. Nyumba za miaka ile zina tabaka la vigae vya jiwe au lami lililolazwa ndani ya ukuta, karibu na ardhi, kuzuia unyevu usipande. Nalo sheria ya afya ya mwaka 1875 na amri za miji zilizofuata ziliwapasa wajenzi kulitia. Letu lilikuwapo, zima kabisa, ila limefukiwa. Fundi wetu alitoboa matundu yake karibu nalo wala hakuliona. Tena matofali yenye matundu, yaliyowekwa chini ya sakafu ya mbao ili upepo upite na kuzikausha boriti, yalikuwa yamezibwa kwa saruji, labda na mtu aliyekuwa akikimbia baridi ya miguu. Ncha za boriti mbili zilikuwa zimeoza. Ukizichoma kwa bisibisi, inaingia kama katika muhogo uliopikwa.

Kusafisha mfereji kulitugharimu asubuhi moja ya Jumamosi na kukodi ngazi. Kuvunja sakafu ya uani kwa nyundo na tindo, na kuishusha chini ya lile tabaka, kulichukua Jumapili sita. Kuzibua matundu ya hewa ilikuwa kazi ya saa mbili. Boriti tulimwachia seremala. Na hizo ndizo kazi zilizoponya nyumba. Zilizofuata zilikuwa za kusaidia tu. Twalisema hili kwa nguvu, kwa kuwa watu wengi wanaponunua nyumba ya kale huanza kwa rangi na jiko jipya, wakaacha paa na mifereji kwa kuwa hakuna mgeni azitazamaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta: wazee walisema hayo katika nchi ya nyumba za mawe na chokaa, na walijua walisemalo.

Ndipo tukabandua saruji, ndani na nje. Waashi wa Uingereza husema ukuta hukauka inchi moja kwa mwezi. Ukuta wetu ni wa inchi 9, kwa hiyo tuliuacha uchi miezi tisa, na wageni wetu wakala chakula mbele ya matofali matupu. Katika miezi hiyo tulijifunza jambo ambalo ni faraja kubwa kwa mtu mwenye kazi nyingi. Saruji ikisha kukorogwa haingojei mtu. Baada ya saa chache ni jiwe. Bali chokaa laini iliyotulia katika maji, ikifunikwa vizuri ndani ya ndoo hata hewa isiifikie, hukaa miezi mingi wala haiharibiki, tena huwa nzuri zaidi. Hata ikisha kuchanganywa na mchanga, sehemu moja kwa tatu, hukaa. Ukitaka kuitumia waiponda tena kwa mti hata ilainike. Mmoja wetu aliporudi zamu ya usiku, naye hajapata usingizi, aliweza kufungua ndoo, kuziba viungo vya matofali kwa muda wa saa moja, akafunika ndoo, akalala. Kazi ya mwashi mzima tuliifanya kwa vipande vya saa moja.

Lakini chokaa ina masharti yake. Ukuta sharti unyunyiziwe maji kwanza. Lipu yake hupigwa kwa matabaka membamba, kila moja likisubiri mwenzake, nayo hutundikiwa magunia mabichi ili jua na upepo visiikaushe haraka. Haipendi baridi kali, kwa hiyo kazi ya nje hufanywa kati ya mwezi wa nne na wa tisa. Tena huchoma ngozi, na jichoni ni hatari kubwa. Mtu asiishike bila glavu na miwani ya kazi, na maji safi yawe karibu.

Madirisha ni habari nyingine, nayo twaipenda. Dirisha la wakati ule lina fremu mbili zinazopanda na kushuka, na kila fremu imefungwa kamba mbili zinazopita juu ya makapi na kuingia katika sanduku la mbao lililofichwa ukutani. Ndani ya sanduku kila kamba ina jiwe lake la mizani, la chuma au la risasi. Uzito wa mawe mawili ni sawa na uzito wa fremu, kwa hiyo mtoto mdogo aweza kuliinua dirisha kwa kidole. Kamba ikikatika watu husema dirisha limekufa, wakaling'oa na kutia la plastiki. Kumbe kamba mpya ni ya bei ndogo, na mbao zile za Baltiki zimeishi miaka 140. Zilizooza hukatwa chini tu, zikaungwa kipande. Kanuni yetu ni dirisha moja kwa siku moja, na lirudi mahali pake kabla ya magharibi, kwa kuwa watu wanalala humo.

Hapo pana hatari ambayo hatuna budi kuitaja. Rangi za zamani zilitiwa risasi, na katika Uingereza zilikatazwa kwa matumizi ya kawaida mwaka 1992 tu. Mtu asizipige msasa mkavu, hasa palipo na watoto, kwa kuwa vumbi lake ni sumu. Na alowanishe, avae kizuia vumbi, akusanye takataka zote. Vivyo hivyo asbesto, iliyokatazwa kabisa mwaka 1999, huonekana katika dari zilizopakwa urembo wa mikunjomikunjo na katika mabomba. Hiyo haikwaruzwi hata kidogo kabla haijapimwa na wenye ujuzi. Gesi nayo sheria haimruhusu kuifanya ila fundi aliyeandikishwa, na umeme na paa pia sisi tuliwaachia wenyewe. Hakuna aibu kuajiri mtu. Aibu ni kuajiri mtu pasipo kumwuliza kama ajua chokaa.

Pengine tungesema neno juu ya wale waliotutangulia katika fikira hizi. Mwaka 1877 William Morris alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na ajabu ni kwamba aliowaogopa walikuwa Wavictoria wenzake, waliokuwa wakikwangua makanisa ya zamani hata yakaonekana mapya. Shauri lake lilikuwa watu waitunze nyumba kila siku kwa mambo madogo, wala wasingoje iharibike ndipo waifufue. Nyumba za Wavictoria zenyewe zilidharauliwa baadaye, zikavunjwa kwa wingi. Hata lile lango kubwa la stesheni ya Euston lilivunjwa katika miaka ya 1961 na 1962, ingawa kilikwisha kuwapo chama cha kuzitetea, kilichoanzishwa mwaka 1958 katika nyumba ya Linley Sambourne, mchoraji wa gazeti la Punch. Siku hizi ziko nyumba zilizoandikwa katika daftari la serikali, na kuzibadili bila ruhusa ni kosa la jinai. Iko pia mitaa mizima inayolindwa, ulinzi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967. Yetu haimo katika daftari hilo, lakini mwenye kununua na aulize kwanza halmashauri ya mji kabla hajang'oa hata msumari.

Ukuta wa chumba cha nyuma sasa una lipu ya chokaa iliyopigwa kwa mikono yetu, na mkono wa mwanafunzi unaonekana humo waziwazi. Pembeni lingali doa moja la chumvi ambalo hutokea kila mwezi wa kwanza, tukalifagia kwa brashi kavu. Mtoto amerudi chumbani mwake, na majira ya baridi yaliyopita hatukumpeleka kwa daktari kwa kikohozi hata mara moja. Kuvu haikurudi. Mzee hakuuona ukuta ukiisha, kwa kuwa alikwisha kurejea Unguja, lakini tulimpelekea picha. Akajibu ya kuwa kona ya kushoto haikufuata timazi. Yamebaki madirisha mawili ya ghorofani, na ndoo moja ya chokaa imewekwa chini ya ngazi ikingoja mwezi wa nne.